Rekodi ipi ya simfonia ina nguvu kweli?

Andika "Beethoven, Simfonia ya Tano" kwenye programu yoyote ya kusikilizia muziki, utaletewa orodha isiyokwisha ya rekodi za simfonia hiyo, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa. Muziki ni uleule, nota ni zilezile alizoziandika mtu mmoja jijini Vienna huku masikio yake yakififia, ila majina ya waongozaji wa okestra yanayoandamana nazo ni mengi: Karajan, Kleiber, Furtwängler, Toscanini, Gardiner, Harnoncourt, na wengine wasiohesabika. Mgeni wa muziki huu huuliza swali la haki kabisa. Kama nota ni zilezile, tofauti iko wapi? Na kama anachokitaka ni ule muziki wa kutikisa kifua, tromboni zikinguruma, timpani, zile ngoma za umbo la bakuli, zikipasua hewa, wapiga fidla thelathini wakivuta kwa pamoja, achukue ipi?

Mara nyingi anajibiwa kwa kupewa orodha nyingine. Majarida kama Gramophone la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1923, yamekuwa yakipanga rekodi kwa madaraja kwa karne nzima. Orodha hizo zina faida yake, lakini zinakutajia mshindi bila kukuambia alishindania nini. Anayezijua sababu anaweza kujichagulia hata kwa kazi ambayo haimo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Dai langu ni hili: nguvu ya okestra inatokana na umbali uliopo kati ya sauti yake ndogo kabisa na ile kubwa kabisa, na namna unavyovushwa kutoka huku mpaka kule. Sauti kubwa peke yake haitoshi, hata king'ora kinayo. Umbali huo wanauamua watu wengi, kila mmoja kwa zamu yake: mtunzi, mhariri wa kitabu cha nota, mwongozaji wa okestra, waliojenga ukumbi, fundi aliyepanga maikrofoni, na mwishowe wewe uliyeshika simu. Unapochagua rekodi unachagua maamuzi yao.

Mahali pa kuitega

Kila mtu anazijua nota nne zinazofungua Simfonia ya Tano, na hata rekodi mbovu huzipiga vizuri. Mahali pa kuitega rekodi ni mbele zaidi, mwisho wa sehemu ya tatu, inapoungana na ya nne bila kusimama. Vyombo vya nyuzi vinashikilia sauti moja ya chini mno. Timpani inagonga kwa sauti ndogo. Fidla zinapapasa vipande vya wimbo uliotangulia. Hali hiyo inaendelea kwa vipimo kama hamsini (vile vipande vidogo vya mapigo ambavyo nota hugawanywa), kisha katika vichache vya mwisho sauti inafura na okestra nzima inalipuka katika C meja, ufunguo wa sauti angavu. Ndani ya mlipuko huo mna vyombo ambavyo havijasikika tangu simfonia ianze: tromboni tatu, filimbi ndogo ya pikolo na basuni kubwa. Beethoven aliwakalisha watu watano kimya kwa sehemu tatu nzima ili waje waingie hapo. Waliohudhuria Theater an der Wien tarehe 22 Desemba 1808 walilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza wakiwa wamechoka na wanatetemeka, maana tamasha lenyewe lilichukua kama saa nne katika ukumbi wenye baridi.

Sasa sikiliza rekodi yako hapo. Je, ile sauti ya chini ni ya chini kweli, kiasi kwamba unasogeza sikio? Au fundi ameiinua ili isikike vizuri ndani ya gari? Kama ameiinua, tromboni zinapoingia hazina pa kupanda. Utasikia kelele imeongezeka kidogo, basi.

Hesabu yake ni rahisi. Okestra kamili ukumbini inaweza kushuka mpaka kwenye mnong'ono wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) thelathini na kitu, na kwenye kilele chake ikapita 100. Santuri ya zamani, pamoja na mkwaruzo wake, hubeba umbali wa desibeli 60 hadi 70 hivi. Ndiyo maana mafundi wa enzi za santuri walilazimika kubana muziki, kuinua penye kimya na kushusha penye kishindo, la sivyo sindano ingeruka au kimya kingezama ndani ya mkwaruzo. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba 96 kwa hesabu ya kinadharia. Tangu hapo kubana hakulazimishwi na teknolojia. Anayebana siku hizi ameamua mwenyewe.

Uzito au makali

Mwaka 1817 Beethoven alichapisha namba za mwendo kwa simfonia zake nane za kwanza, akitumia metronomu, kifaa cha kupimia mwendo wa mapigo kilichokuwa kikiuzwa na Johann Maelzel. Sehemu ya kwanza ya Simfonia ya Tano aliipa mapigo 108 kwa dakika, pigo moja kwa kila nusu-nota. Ni mwendo wa kukimbia. Waongozaji wengi wa karne ya 20 waliukwepa. Wapo waliosema metronomu yake ilikuwa mbovu, wapo waliosema kiziwi hawezi kupima mwendo. Wilhelm Furtwängler alikwenda polepole, akiacha kila nguzo ya sauti isimame na uzito wake wote kabla ya kuisogelea inayofuata. John Eliot Gardiner, ambaye mkusanyiko wake wa simfonia tisa ulitoka 1994, alizifuata namba za Beethoven kwa karibu, tena kwa vyombo vya aina ya enzi hizo: nyuzi za utumbo, tarumbeta zisizo na vali, timpani zinazopigwa kwa fimbo ngumu.

Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kudhani okestra kubwa zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi. Kundi la Gardiner ni dogo kuliko Berlin Philharmonic ya Karajan, lakini ngoma zake zinakata, na tarumbeta zinatoboa ukuta wa nyuzi badala ya kumezwa nao. Karajan, katika rekodi alizofanya 1961 na 1962 ndani ya kanisa la Jesus-Christus-Kirche pale Dahlem, Berlin, anakupa kitu tofauti: wingi wa nyuzi unaotiririka bila mshono, ukikuangukia wote kwa pamoja. Uzito ni nguvu, na makali ni nguvu. Ujue kwanza wewe unatafuta ipi.

Carlos Kleiber na Vienna Philharmonic, rekodi ya 1974, ndiyo ninayompa mgeni kwanza, kwa sababu ina zote mbili. Siri yake naiona kwenye jambo dogo. Kitu cha kwanza kilichoandikwa kwenye karatasi ya simfonia hiyo ni alama ya pumziko. Ukimya mfupi, halafu nota tatu za haraka, halafu ndefu. Waongozaji wengi huziachia zile tatu ziteleze, zikawa kama utatu wa waltz, dansi ya mapigo matatu. Kleiber hazilegezi hata mara moja, na kila pumziko analolikuta njiani analiheshimu kama nota. Unabaki umeshikwa shati kwa dakika thelathini na kitu.

Usahihi wa aina hiyo unaweza wenyewe kuwa chanzo cha nguvu. Le Sacre du printemps, muziki wa baleti wa mtunzi Stravinsky, iliyozusha fujo ukumbini Paris tarehe 29 Mei 1913, mara nyingi hupigwa kwa fujo vilevile, kana kwamba vurugu za watazamaji zimeandikwa kwenye nota. Pierre Boulez na Cleveland Orchestra mwaka 1969 waliipiga kwa ubaridi wa mhasibu, kila lafudhi mahali pake, na inatisha kuliko za wanaotoka jasho.

Dakika mbili zinazogombaniwa

Mfano ulio wazi kuliko yote wa mwendo kubadili maana ni Simfonia ya Tano ya Shostakovich, mtunzi wa Kisovieti. Historia yake inajulikana. Januari 1936 gazeti la Pravda lilimshambulia Shostakovich kwa ajili ya opera yake, siku chache baada ya Stalin kwenda kuitazama. Katika Umoja wa Kisovieti wa miaka ile, shambulio kama hilo halikuwa suala la sanaa tu. Watu walikuwa wakitoweka. Mwishoni mwa mwaka huo aliiondoa Simfonia yake ya Nne katikati ya mazoezi, nayo haikusikika hadharani hadi 1961. Kisha akaandika ya Tano, ikapigwa Leningrad tarehe 21 Novemba 1937 chini ya kijana aliyekuwa bado hana jina, Yevgeny Mravinsky. Waliokuwepo walisimulia makofi ya zaidi ya nusu saa.

Simfonia hiyo inamalizika kwa D meja ya kishindo: vyombo vyote vya shaba (tarumbeta, tromboni na wenzake) vinapaza wimbo, timpani na ngoma kubwa zinatwanga, huku nyuzi na filimbi zikigonga nota moja, A, bila kukoma, tena na tena. Ni ushindi? Au ni mtu anayeshurutishwa kushangilia?

Karatasi yenyewe haimalizi ubishi, kwa sababu matoleo ya kitabu cha nota yanapishana kuhusu namba ya mwendo hapo: moja linafanya umalizio uende takriban mara mbili ya lingine. Leonard Bernstein aliichukua haraka. Mwaka 1959 aliipeleka New York Philharmonic Moscow, akaipiga simfonia hiyo mtunzi mwenyewe akiwa ukumbini, na Oktoba mwaka huohuo akairekodi Boston baada ya kurudi Marekani. Umalizio wake unakimbia kama gwaride la sikukuu, na kusema kweli unasisimua sana. Shostakovich alipanda jukwaani Moscow kumshika mkono.

Upande wa pili yupo Mstislav Rostropovich, mpiga selo aliyekuwa rafiki wa mtunzi na aliyeondoka Umoja wa Kisovieti mwaka 1974. Rekodi yake ya 1982 na National Symphony Orchestra ya Washington inaburuta umalizio huo. Zile nota za A zinakuwa nyundo. Shaba hazishangilii, zinatekeleza amri. Miaka mitatu kabla ya rekodi hiyo Solomon Volkov alikuwa amechapisha New York kitabu alichodai ni kumbukumbu za Shostakovich, na ndani yake furaha ya umalizio huo inaelezwa kuwa ya kulazimishwa, chini ya vitisho. Uhalali wa kitabu hicho umebishaniwa na wataalamu tangu siku kilipotoka, kwa hiyo usikitumie kama hukumu. Lakini waongozaji wa kutoka Urusi walikuwa wakienda polepole hapo zamani kabla ya kitabu, Mravinsky akiwa wa kwanza wao, na yeye ndiye aliyeizindua.

Mimi niko upande wa polepole, kwa sharti moja: wapiga shaba wawe na pumzi ya kuushikilia. Mwendo wa pole katika okestra dhaifu unachosha tu, sauti inaanza kuning'inia katikati ya nota na unajikuta unaomba iishe. Rekodi za Mravinsky zina tarumbeta za Kirusi zinazotetemesha sauti na kukwaruza, na sauti ya kanda za Kisovieti si ya kujivunia. Wapo wanaoziepuka kwa sababu hiyo. Naona wanakosea, kwa sababu ukali huo umo ndani ya maana. Anayetaka sauti safi bila kuukosa uzito amtafute Bernard Haitink na Concertgebouw ya Amsterdam, 1981.

Kitabu cha nota kina zaidi ya sura moja

Watu hushangaa kusikia kwamba wakati mwingine hata nota zenyewe si zilezile. Simfonia ya Sita ya Mahler, iliyozinduliwa Essen tarehe 27 Mei 1906, ina nyundo katika sehemu ya mwisho. Nyundo kweli. Mahler aliagiza sauti fupi, nzito, butu, isiyo ya chuma, mfano wa pigo la shoka, na mpaka leo kila okestra inajitengenezea kasha lake la mbao na rungu lake kubwa. Kitabu kilichochapishwa kwanza kina mapigo matatu. Mahler mwenyewe akaliondoa la tatu, lile linaloangukia mwishoni kabisa. Waongozaji wengi wanapiga mawili. Bernstein na Vienna Philharmonic mwaka 1988 alilirudisha la tatu, na aliyezoea mawili huruka kwenye kiti.

Kuna pia suala la mpangilio wa sehemu mbili za katikati. Alipoiongoza mwenyewe, Mahler alitanguliza Andante, sehemu ya taratibu, kisha Scherzo, sehemu ya mapigo makali. Toleo la kitaalamu la mwaka 1963 likageuza, Scherzo kwanza, na rekodi nyingi mashuhuri za miaka iliyofuata zimelifuata. Mwaka 2003 Chama cha Kimataifa cha Gustav Mahler kikarudi kwenye mpangilio wa Andante kwanza, nao ndio Claudio Abbado aliufuata na Berlin Philharmonic mwaka 2004. Kwa nguvu ya kazi nzima tofauti ni kubwa: Scherzo ikija mara tu baada ya sehemu ya kwanza, unapigwa mara mbili bila kupewa nafasi ya kupumua, kwa kuwa zote mbili zinakanyaga kwa mwendo uleule. Uzuri ni kwamba msikilizaji wa leo anaweza kupanga faili mwenyewe na kuamua.

Kwa mtunzi Bruckner mambo ni magumu zaidi, nami sitaingia kwa kina. Simfonia yake ya Nane ina toleo la 1887 na la 1890, halafu kuna wahariri Haas na Nowak waliolishughulikia kila mmoja kivyake. Soma jalada. Mwendo nao unatofautiana vibaya: Karajan na Vienna mwaka 1988 wanaimaliza kwa dakika 80 na kitu, Sergiu Celibidache na okestra yake ya Munich wanapita 100.

Kuta na maikrofoni

Aliyewahi kuimba kwaya anajua kwamba Haleluya ya Handel ndani ya kanisa refu la mawe na Haleluya hiyohiyo chini ya turubai ni nyimbo mbili. Okestra ni hivyo hivyo. Arturo Toscanini alirekodi mengi ndani ya Studio 8-H mjini New York, chumba kikavu kisicho na mwangwi. Kila pigo linakufa papo hapo, na wengi wanadhani Toscanini alikuwa na sauti ya ubao, kumbe ni chumba. Kingsway Hall ya London ilikuwa kinyume chake, sauti ya joto na kina, ikapendwa na makampuni makubwa ijapokuwa treni za chini ya ardhi zilipita karibu. Ukiwa na hedifoni nzuri utazisikia zikinguruma kwa mbali katika vipande vya kimya vya rekodi zake. Mimi huwa nazisubiri.

Halafu kuna maikrofoni. Mwaka 1951 kampuni ya Mercury iliwarekodi Chicago Symphony na Rafael Kubelík kwa maikrofoni moja tu, iliyoning'inizwa juu ya mwongozaji. Okestra ikajipima yenyewe. Kama tarumbeta imezidi, ni mwongozaji wa kuishusha, si fundi. Decca ya Uingereza, kuanzia 1954, ilijenga mtindo wa maikrofoni tatu juu ya fremu moja, ukasambaa duniani. Baadaye, hasa miaka ya 1970, makampuni kadhaa yaliweka maikrofoni kwa kila kundi la vyombo na kuchanganya sauti kwenye meza ya fundi. Matokeo yake ni filimbi moja inayosikika kubwa kuliko safu nzima ya selo, jambo ambalo haliwezekani popote duniani. Ukisikia chombo kimekurukia usoni bila sababu, shuku meza.

Mfano mzuri wa kukagua haya yote ni Simfonia ya Tatu ya Saint-Saëns ya mwaka 1886, yenye kinanda cha mabomba. Kinanda hicho kinaingia kwanza kwa siri, kikishikilia sauti nzito chini ya nyuzi, na ni kwenye nusu ya pili tu kinapofyatuka kwa C meja inayojaza jengo. Bomba la futi 32, karibu mita kumi, linatoa mtikisiko wa hezi 16 hivi (mitikisiko 16 kwa sekunde), chini ya mpaka wa sikio la binadamu. Hulisikii, unalihisi mwilini. Shida ni kwamba kumbi nyingi hazina kinanda cha kutosha, kwa hiyo makampuni hurekodi okestra sehemu moja na kinanda kwingine. Karajan aliongoza Berlin, kinanda kikachukuliwa Notre-Dame ya Paris. Daniel Barenboim aliongoza Chicago mwaka 1975, kinanda kikachukuliwa kwenye kanisa kuu la Chartres. Ya Barenboim inasisimua licha ya hila hiyo. Ile ya Karajan inanipa hisia ya majengo mawili yanayopigiana simu. Charles Munch na Boston Symphony, 1959, walikuwa na kinanda ndani ya ukumbi uleule, wapigaji wakikisikia na kukijibu, na baada ya miaka zaidi ya sitini bado sijaona cha kuitoa kwenye nafasi yake.

Kwa upande wa mbwembwe, kuna Uvertua ya 1812 ya Tchaikovsky, ambamo mtunzi ameandika mizinga. Antal Doráti na okestra ya Minneapolis walitumia mzinga halisi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Mwaka 1978 kampuni ya Telarc ikarekodi toleo lake na Cincinnati chini ya Erich Kunzel kwa mtambo wa dijitali, mizinga ikiwa mikubwa kiasi kwamba jalada lilikuwa na onyo kuhusu spika. Ni burudani. Kama muziki, Doráti ana moto zaidi.

Sauti ya zamani

Je, rekodi chakavu za zamani ziachwe? Kwa muziki wa nguvu, nyingi ziachwe, ndiyo. Arthur Nikisch na Berlin Philharmonic walirekodi Simfonia ya Tano ya Beethoven mwaka 1913, wapigaji wakiwa wamesongamana mbele ya pembe ya kunasia sauti, kwa maana maikrofoni zilianza kutumika mwaka 1925. Ni hati ya historia, kishindo hakimo. Mambo yalibadilika kabisa ilipokuja stereo, yaani sauti ya njia mbili, kushoto na kulia. Also sprach Zarathustra ya Richard Strauss, aliyoiongoza Fritz Reiner na Chicago mwezi Machi 1954, ni kati ya stereo za mwanzo kabisa za okestra, na bado inaziaibisha za leo.

Naacha nafasi kwa rekodi moja inayovunja kanuni zangu zote. Machi 1942 Furtwängler aliongoza Simfonia ya Tisa ya Beethoven jijini Berlin, katikati ya vita, chini ya utawala wa Wanazi. Sauti ni ya mono, njia moja tu, kwaya inapasuka, timpani zinailemea maikrofoni. Kanda zilichukuliwa na Wasovieti baada ya vita na kutolewa kwa santuri za Melodiya, kampuni ya Kisovieti. Umbali wa desibeli haupo, lakini mwongozaji anauumba kwa mwendo peke yake, akiburuta na kukimbiza mpaka wimbo wa undugu wa binadamu unasikika kama mtu anayepiga kelele ndani ya nyumba inayoungua. Sijui niipende au niiogope.

Simu yako ni sehemu ya okestra

Nota ya chini kabisa ya besi za nyuzi ina hezi 41, na kwa zilizoongezewa urefu hushuka hadi 33. Spika ya simu haina nguvu ya maana chini ya hezi mia mbili. Ubongo hujazia pengo: ukisikia milio ya juu inayofuatana na nota nzito, unaikisia nota yenyewe. Kwa hiyo wimbo utaufuata, ila kishindo kitakukimbia. Hedifoni za kawaida zinazoziba sikio zinatosha kuanzia.

Ingia kwenye mipangilio ya programu yako uzime kusawazisha sauti. Baadhi hupima kila faili peke yake, zikainua sehemu ya tatu ya Beethoven kwa kuwa ni ya kimya na kushusha ya nne kwa kuwa ni ya kishindo, yaani zinaharibu pale pale tulipopatumia kuitega rekodi. Zima pia kuchanganya mwisho wa faili moja na mwanzo wa nyingine. Na usiulinganishe uzuri wa rekodi mbili kabla ya kuzilinganisha kwa ukubwa wa sauti; sikio hupenda iliyo juu kidogo hata kama ni mbaya zaidi.

Kutafuta nako kuna mitego. Safu ya msanii inaweza kumtaja mtunzi, mwongozaji au mwimbaji, na mwaka unaoonyeshwa mara nyingi ni wa kutolewa upya: Kleiber wa 1974 anaweza kujitokeza kama wa 1995. Andika jina la mwongozaji, okestra na kazi. Programu za IDAGIO na Apple Music Classical, hii ya pili iliyozinduliwa Machi 2023, zimetengenezwa kwa ajili ya tatizo hili. Mikusanyo ya "muziki mkubwa mia moja" isiyotaja okestra kwenye jalada iruke.

Mwisho ni bando. Kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja inakula megabaiti 2.4. Gigabaiti moja basi inatosha kupakua Kleiber kwa takriban megabaiti 80, Bernstein wa 1959 na Rostropovich kwa 110 hivi kila mmoja, Munch 85, Boulez 80, Reiner 77, na Simfonia ya Sita ya Mahler nzima kwa 190. Zinabaki kama 270. Furtwängler wa 1942 anahitaji karibu 180, naye umpakue ukiwa tayari.